Mkanda ni wa Bingwa au wa Promota?

Wewe uliye jikoni unasonga ugali, wewe uliyekwama kwenye foleni unarudi nyumbani, na wewe kijana uliyetoka mazoezini sasa hivi, taulo bado liko shingoni, karibuni nyote. Tuna dakika kama kumi na tano za kukaa pamoja, na leo nataka tuzungumze habari za ngumi. Ninazo akilini zile za mapigano mchanganyiko, mchezo wanaouita MMA, ambamo mtu anaruhusiwa kupiga ngumi, kupiga teke, kumwangusha mwenzake kwa mieleka na kumkaba mpaka asalimu amri.

Nani alimwangusha nani, hayo mnayajua, na wengine mnayajua kunishinda. Mimi nataka tulitazame pambano jingine, lile lisilo na kengele wala mwamuzi, linalopiganwa ofisini kwa kalamu na karatasi. Ni pambano kati ya nyota wa mchezo huu na promota wake. Na swali nitakalowauliza, tena nitalirudia, ni hili: mkanda wa ubingwa ni wa nani? Ni wa bingwa aliyeutolea jasho na damu, au ni wa promota?

Twende taratibu. Kwanza nitawapa kisa cha mtu mmoja. Kisha nitaeleza mikataba ya mchezo huu inavyofanya kazi. Na mwisho tutaona yanatuhusu nini sisi huku kwetu.

Mtu mwenyewe ni Francis Ngannou wa Kameruni. Alizaliwa mwaka 1986 katika kijiji cha Batié, magharibi mwa nchi hiyo. Akiwa bado mtoto alikuwa akichimba mchanga machimboni, koleo mkononi, kwa ujira mdogo. Ndoto yake ilikuwa kuwa bondia. Mwaka 2012 aliondoka kwao, akalivuka jangwa la Sahara, akafika Morocco, na kutoka hapo akajaribu tena na tena kuingia Ulaya. Alipofanikiwa kufika Hispania aliwekwa kizuizini miezi miwili kwa kuingia bila vibali. Mwaka 2013 akawa Paris, hana ndugu hana jamaa, analala kwenye maegesho ya magari. Akaenda gym kuomba kufundishwa ndondi. Huko Paris akashauriwa: jaribu MMA, huenda ikakulipa mapema.

Akajaribu. Desemba 2015 akapigana kwa mara ya kwanza katika UFC, kampuni kubwa kuliko zote za mchezo huu duniani. Machi 2021, mjini Las Vegas, akamwangusha bingwa Stipe Miocic katika raundi ya pili na kuwa bingwa wa uzito wa juu. Wakati huo Afrika ilikuwa inatamba kwelikweli: Kamaru Usman na Israel Adesanya, wote wazaliwa wa Nigeria, nao walikuwa na mikanda yao katika kampuni hiyohiyo. Mikanda mitatu, watoto watatu wa Afrika, mwaka mmoja.

Basi ungedhani hapo shida zimekwisha, siyo? Kumbe ndipo zilipoanza.

Kampuni ilitaka bingwa wao arudi ulingoni mwezi Agosti mwaka huohuo. Ngannou akasema yuko tayari, ila apewe muda kidogo zaidi. Jibu likawa nini? Hata miezi mitano haijatimia tangu atwae ubingwa, kampuni ikatengeneza mkanda mwingine wa muda, ikaupiganisha Houston, na Mfaransa Ciryl Gane akauchukua. Ghafla mabingwa wakawa wawili. Bingwa halisi hakuwa amepigwa na mtu. Alichofanya ni kutofautiana na kampuni kuhusu tarehe. Shikeni jambo hilo, tutalirudia.

Januari 2022, mjini Anaheim, California, Ngannou na Gane wakakutana. Ngannou alipanda ulingoni na goti bovu, kano zimeumia vibaya. Raundi mbili za kwanza mambo yakamwendea kombo, Gane anampiga na kukimbia, anampiga na kukimbia. Kuanzia raundi ya tatu, huyu mtu ambaye dunia nzima ilimjua kwa ngumi akabadilisha mchezo. Akamkumbatia Gane kiunoni, akambeba na kumbwaga chini, na kumlalia. Mkabaji na mwanamieleka, kwa goti moja zima! Majaji wote watatu wakampa ushindi.

Sasa tazameni kilichofuata. Ni desturi ya kampuni hiyo kwamba bingwa akishinda, rais wake wa wakati huo, Dana White, ndiye humvisha mkanda kiunoni. Usiku ule White hakuonekana ulingoni. Mkanda alivishwa na mfanyakazi mwingine wa kampuni. Waandishi walipokusanyika kwa mkutano baada ya pambano, kiti cha White kikawa kitupu. White baadaye alieleza kuwa alikuwa na shughuli nyingine nyuma ya jukwaa. Sawa. Lakini kila aliyekuwa akitazama aliona kuwa nyumba hiyo haina amani.

Ugomvi ulikuwa wa nini hasa? Watu wengi walisema ni pesa. Pesa zilikuwamo, ndiyo. Kwa pambano lile bingwa wa dunia wa uzito wa juu alitangazwa kulipwa dola 600,000, wakati bondia wa hadhi kama yake angelipwa mamilioni. Lakini sikilizeni vizuri mambo mengine aliyoyaomba. Aliomba wapiganaji wapewe bima ya afya. Aliomba wawe huru kutafuta wadhamini wao wenyewe. Aliomba wapiganaji wawe na mtu wa kuwasemea kwenye vikao vinavyoamua mambo yao. Na aliomba uhuru wa kupigana ndondi, ile ndoto aliyoondoka nayo Batié.

Hayo yote yakakataliwa. Ngannou naye hakuchana karatasi mbele ya kamera. Aliuguza goti lake na kuhesabu siku. Mkataba wake ulikuwa na kikomo cha miaka mitano, na Desemba 2022 ukaisha. Januari 2023 kampuni ikatangaza kuwa wameachana naye na kwamba mkanda umechukuliwa. White aliwaambia waandishi kwamba walimwahidi malipo makubwa kuliko ya mpiganaji yeyote wa uzito wa juu katika historia ya kampuni, na kwamba kwa maoni yake Ngannou hataki tena kujitosa kwenye mapambano magumu.

Machi mwaka huo mpiganaji Jon Jones akampiga Gane na kuvishwa ule mkanda uliobaki bila mwenyewe. Na Ngannou, aliyeuchukua kwa ngumi zake, hakupokonywa na mpinzani yeyote. Aliupoteza mezani.

Sasa niwaulize tena, ndugu zangu: mkanda ni wa nani?

Hapa ndipo penye kiini cha mazungumzo yetu, na naomba mnisikilize kwa makini. Katika ndondi, promota anaandaa pambano, lakini mikanda hutolewa na vyama vingine: WBC, WBA, IBF, WBO. Bondia akigombana na promota akaenda kwa promota mwingine, anaondoka na mkanda wake. Tunaweza kuwa na malalamiko mengi juu ya vyama hivyo, lakini angalau mwenye mkanda na mwenye kuuza tiketi ni watu wawili tofauti. Katika MMA hali si hiyo. Kampuni moja ndiyo inayokusainisha, ndiyo inayopanga utapigana na nani, ndiyo yenye mkanda, ndiyo inayoamua nani apewe nafasi ya kuugombea, na ndiyo inayouza matangazo.

Hebu fikirini mpira wetu. Fikirini mmiliki wa klabu ya Simba ndiye pia mwenye ligi, ndiye anayepanga ratiba, ndiye anayetunza kombe nyumbani kwake, na ndiye anayeamua Yanga icheze lini na nani. Mchezaji akidai nyongeza, anaambiwa wiki hii hupangwi, na kombe limehamia kwa mwingine. Je, ungesema mchezaji huyo na mmiliki huyo wanajadiliana wakiwa sawa? Haiwezekani. Wahenga walisema fahali wawili hawakai zizi moja, ila katika mchezo huu zizi lina mwenyewe, na anayetolewa nje anajulikana tangu mwanzo.

Tuje kwenye mikataba, maana mali bila daftari hupotea bila habari.

Mpiganaji wa kampuni hizi kisheria si mwajiriwa. Anahesabiwa kuwa mkandarasi anayejitegemea. Maana yake ni nini? Maana yake hana mshahara wa mwezi, hana pensheni, hana likizo ya ugonjwa. Pamoja na hayo, mtu huyu anayeitwa wa kujitegemea haruhusiwi kupigana kwingine kokote mpaka mkataba uishe. Akiumia, muda wa kuuguza jeraha unaweza kuongezwa kwenye mkataba. Akikataa pambano, muda unaweza kuongezwa. Akisema amestaafu, saa ya mkataba inaweza kusimamishwa na kumngoja. Na akiwa bingwa, kuna kifungu kinachorefusha mkataba kwa sababu tu ameshinda. Yaani kadiri unavyokuwa bora ndivyo mlango wa kutokea unavyozidi kuwa mbali.

Na malipo? Anayeanza amekuwa akilipwa mfano wa dola 12,000 kwa kupanda ulingoni na 12,000 nyingine akishinda. Zinasikika nyingi tukizigeuza kuwa shilingi. Lakini hapo anamlipa kocha, anamlipa meneja, analipa kodi, analipa wenzake wa mazoezi na chakula maalumu cha miezi miwili. Na akipigana mara mbili tu kwa mwaka, zinabaki ngapi? Zamani alikuwa na njia ya kujiongezea: aliweka majina ya wadhamini wake kwenye bukta na kwenye bango la nyuma yake. Mwaka 2015 njia hiyo ilifungwa, wapiganaji wote wa UFC wakavaa sare ya kampuni moja ya nguo kwa malipo yaliyopangwa na wakubwa. Ndiyo maana Ngannou aling'ang'ania habari ya wadhamini.

Wataalamu waliotoa ushahidi mahakamani walieleza kuwa wapiganaji hupata takribani moja ya tano ya mapato ya kampuni, wakati wachezaji wa mpira wa kikapu wa Marekani, wenye chama chao, hugawana karibu nusu kwa nusu na wenye timu. Narudia: huku moja ya tano, kule nusu. Tofauti hiyo inatokana na nini? Wa kikapu wana chama kinachojadiliana kwa niaba ya wote. Wa ngumi hizi kila mmoja anaingia ofisini peke yake.

Sasa tumtendee haki promota naye, maana hakimu mwema husikiliza pande zote mbili. Mwaka 2001, ndugu wawili wa Las Vegas, Lorenzo na Frank Fertitta, walipoinunua UFC kwa dola milioni 2, mchezo ulikuwa mahututi. Seneta John McCain wa Marekani alikuwa ameulinganisha na kupiganisha majogoo, majimbo mengi yaliupiga marufuku, na New York haikuuruhusu rasmi mpaka 2016. Wenye kampuni walipoteza mamilioni ya dola kabla ya kipindi chao cha televisheni kuwaokoa mwaka 2005. Walijitosa pale wengine walipokimbia. Walipoiuza kampuni hiyo mwaka 2016 kwa takribani dola bilioni 4, nani atawaonea kijicho? Promota anasema: mimi ndiye niliyejenga jina, watu huja kuiona UFC kwanza, wewe utapita na mwingine atakuja.

Hoja hiyo ina uzito. Lakini kutoka milioni 2 hadi bilioni 4, wasikilizaji, ni nani aliyevunjwa pua? Ni nani aliyepanda ulingoni na goti bovu? Promota alihatarisha mali yake, na mpiganaji akahatarisha ubongo wake. Mali ikipotea hutafutwa tena. Nasema hili kwa dhati: mtu anayeweka mwili wake rehani ana haki ya kujua kiasi kinachoingia, na ana haki ya kutoka muda wake ukifika.

Ngannou hakuwa wa kwanza kugombana. Randy Couture alijaribu kuondoka mwaka 2007 akiwa bingwa, akaishia mahakamani na kisha akarudi kundini. Mwaka 2016 Conor McGregor, nyota mkubwa kuliko wote, alikataa kukatisha mazoezi ili akatangaze pambano, akaondolewa kwenye onyesho la UFC 200. Mwaka huohuo Georges St-Pierre na wenzake kadhaa walitangaza kuunda chama cha wapiganaji, lakini chama hicho hakikufika mbali. Kwa nini? Kwa sababu hofu ni nyingi na kazi ya mpiganaji ni fupi. Ukigoma mwaka mmoja umepoteza sehemu kubwa ya ujana wako, na nyuma yako wamepanga foleni vijana wenye njaa walio tayari kupigana kwa nusu ya bei.

Hata hivyo, kuna mlango mmoja ulifunguka. Desemba 2014, mpiganaji Cung Le na wenzake walifungua kesi wakidai kampuni ilitumia mikataba hiyo kuua ushindani na kushusha malipo. Kesi iliwahusu wapiganaji takribani 1,200. Ilichukua miaka kumi. Mwaka 2024 pande mbili zikakubaliana dola milioni 335 kumaliza kesi hiyo na nyingine iliyofuata, lakini jaji Richard Boulware wa Nevada akaikataa suluhu hiyo. Wapiganaji wengi waliwasilisha maelezo mahakamani juu ya hali zao, maradhi ya kichwa, madeni. Suluhu mpya ya dola milioni 375, ya kesi ile ya kwanza peke yake, ikaidhinishwa mwaka 2025. Angalieni kwamba fedha hizo hazikuletwa na bingwa mmoja shujaa. Zililetwa na watu, wengi wao wasiojulikana na mashabiki, waliosimama pamoja miaka kumi.

Na upande wa ndondi, Marekani ina sheria tangu mwaka 2000 yenye jina la Muhammad Ali. Inamlazimu promota kumweleza bondia mapato anayopata kutokana na pambano lake, na inazuia mtu mmoja kuwa promota na meneja wa bondia huyohuyo. MMA haimo katika sheria hiyo. Mwaka 2016 mbunge Markwayne Mullin, aliyekuwa mpiganaji mwenyewe, alipeleka muswada wa kuiingiza. Haukupita.

Turudi kwa Ngannou. Alipata alichokitafuta? Mei 2023 alisaini na kampuni pinzani ya PFL, akaruhusiwa kupigana ndondi, na akaweka sharti kwamba hata mpinzani wake alipwe si chini ya dola milioni 2. Oktoba 2023, mjini Riyadh, alipigana ndondi kwa mara ya kwanza kama bondia wa kulipwa, tena na bondia Tyson Fury, na katika raundi ya tatu akamwangusha. Majaji wawili wakampa Fury, mmoja akampa Ngannou. Alikuwa amesema kabla ya hapo kuwa pambano hilo moja litamlipa kuliko yote aliyopigana UFC. Machi 2024 bondia Anthony Joshua alimlaza vibaya raundi ya pili, hilo nalo tuliseme. Lakini Oktoba mwaka huo akarudi kwenye MMA na kummaliza Renan Ferreira raundi ya kwanza.

Kwa hiyo aliweza. Ila tujiulize: ni wangapi wanaweza? Yeye alikuwa bingwa wa dunia, na alikuwa ameshazoea njaa, akavumilia mwaka mzima bila pambano. Kijana wa mapambano mawili matatu hawezi. Nyota mmoja akitoroka, wale wa chini wanabaki na mkataba uleule. Ndiyo maana nasema ushujaa wa mtu mmoja hautoshi. Panahitajika sheria, na panahitajika chama.

Haya sasa yanatuhusu nini? Yanatuhusu, tena sana. PFL imeanzisha ligi ya Afrika, na ilipoanza Ngannou ndiye aliyekuwa mwenyekiti wake. Ilianza Cape Town mwaka 2025, na mwezi Oktoba mwaka huo ikafika Kigali. Kigali ni hapa jirani! Vijana wetu wa Dar es Salaam, Nairobi, Bujumbura na Goma wanafanya mazoezi wakiota kupigana katika ligi hiyo. Na kwenye ndondi zetu tunajua hadithi za bondia anayefika siku ya kupima uzito, anapanda mizani, anashuka, anauliza malipo ya awali, anaambiwa subiri kesho. Mara nyingi ukiuliza mkataba uko wapi, unaambiwa meneja ndiye anao.

Basi kijana wangu, sikiliza. Kabla hujasaini, uliza mambo manne. Mkataba huu unaisha lini, kwa tarehe? Nikiumia mazoezini, nani analipa hospitali? Nikishinda mkanda, mkataba unarefuka au haurefuki? Na je, naruhusiwa kuwa na mdhamini wangu? Dai nakala yako, uende nayo nyumbani, mtafute mwanasheria au hata mwalimu unayemwamini akusomee. Promota mwema hatakasirika ukiomba siku tatu za kusoma. Anayekwambia saini sasa hivi au nafasi inaenda kwa mwingine, huyo ameshakuonyesha mtakavyoishi.

Na ninyi mnaosimamia ngumi na michezo hii katika nchi zetu, ombi langu kwenu ni moja: msiruhusu pambano lolote bila nakala ya mkataba kuwekwa mezani kwenu na kwa mpiganaji, katika lugha anayoielewa. Mchezo huu ndio kwanza unaanza kuota mizizi kwetu. Ni rahisi zaidi kuandika kanuni leo kuliko kwenda mahakamani miaka kumi.

Muda wangu umekwisha, wapenzi wasikilizaji. Kama una kijana nyumbani anayepigana, muulize usiku huu mkataba wake uko wapi, na umwambie akuletee muusome pamoja.